Penye Alama Hapaguswi

Mashine ya kukata sabuni ilikuwa na ugonjwa wenye haya. Ikiwa peke yake na mwendeshaji wake, ilizimika. Ikiitiwa fundi, ilipona. Fundi akifungua mlango wa paneli ya umeme na kuchungulia ndani, taa zote ziliwaka, mkanda ulitembea, kisu kilipanda na kushuka, na vipande vya sabuni vilitoka vimejipanga kama watoto wa shule waliomwona mwalimu mkuu akija. Fundi akafunga mlango, akakusanya vyombo vyake, akaondoka. Hajafika hata kwenye ngazi, kimya. Sabuni iliyokuwa inatiririka ikaanza kugandia ndani ya mdomo wa mashine, na watu wanne wakaitwa kuja kuikwangua.

Hii ilikuwa wiki ya sita ya mchezo huo. Fundi aliyekuwa anachezewa alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, na kiwandani walimwita Nusu. Jina hilo alilipata kwa mume. Mumewe alikuwa fundi mkuu wa umeme hapo hapo kwa miaka ishirini na tatu, na yeye aliitwa Robo, kwa sababu kila alipomfundisha mtu kukaza skrubu alisema maneno yale yale: "Kaza mpaka ikatae, halafu ongeza robo." Yaani robo ya mzunguko. Alipomwoa fundi mwenzake, watani wakasema, mume Robo, basi mke Nusu, na ukiwajumlisha bado hupati fundi mmoja kamili. Robo alicheka kuliko wote. Alijua fika kwamba kiwanda kizima kinaegemea hizo robo tatu.

Sasa Robo alikuwa nyumbani, huu mwezi wa nne wa ugonjwa, amelala kwa ubavu. Kiharusi kilimkuta Jumapili asubuhi akivaa shati. Kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia, na maneno yote. Daktari alieleza kwamba hata ndiyo na hapana zimechanganyika kichwani mwake, kwa hiyo akitikisa kichwa msimwamini, na kalamu msimpe kwanza, itamtia uchungu bure.

Watu walisema Nusu ni jasiri. Watu bwana, wakimwona mtu halii, basi jasiri. Nusu hakuwa na ujasiri wowote. Alikuwa amekufa ganzi tu. Aliamka saa kumi na moja alfajiri, akamgeuza mume, akamwosha, akamlisha uji kwa kijiko, akamkabidhi kwa wifi yake, akaenda kazini. Jioni akarudi, akamgeuza tena. Alifanya yote bila kukosea na bila kuhisi chochote, na alipojaribu kujipima mwenyewe, kama fundi anavyopima waya, hakuona kitu kinachosoma. Wala hilo nalo halikumshtua.

Nyumbani kulikuwa na jambo la redio. Lilianza Jumapili moja wageni walipokuja kumjulia hali mgonjwa. Robo aliunganisha vidole vitatu vya mkono wa kushoto, akavizungusha hewani taratibu kuelekea kulia, akasimama, halafu akavizungusha tena kidogo. Wifi, dada yake Robo, mwanamke mwenye mdomo mwepesi na moyo mwepesi zaidi, akaruka: "Anataka redio! Ongeza sauti, halafu ongeza kidogo tena!" Redio ikaongezwa. Vidole vikazunguka tena. Ikaongezwa tena. Tangu siku hiyo nyumba ilinguruma taarifa za habari mchana kutwa, jirani akaja kuuliza kama kuna sherehe, na Robo aliendelea kuzungusha vidole huku jasho likimtoka kwenye paji la uso. "Kaka yangu na redio yake," wifi alisema. "Hata kiharusi kimemshindwa." Nusu alisikia na kuitikia, mawazo yakiwa kwingine, au hayapo kokote.

Tuje kwa mwendeshaji wa ile mashine. Kiwandani aliitwa Kaimu. Alipandishwa kuwa kaimu mwendeshaji miaka saba iliyopita, mpaka hapo uongozi utakapomthibitisha, na uongozi ulikuwa bado unajishauri. Alifanya kazi ya mwendeshaji, alilaumiwa kama mwendeshaji, ila kwenye karatasi alikuwa kaimu. Mtu wa namna hiyo humfukuzi, unamwambia tu asije kesho.

Na ndilo lililokuwa linakuja. Kila mashine ilipozimika, kioo chake kilionyesha maneno yale yale: kitufe chekundu kimebonyezwa. Kitufe chekundu ni kile cha hatari, kinachosimamisha kila kitu, na kiko pembeni mwa mkono wa kulia wa mwendeshaji. Kompyuta ya kiwanda iliandika kila tukio na saa yake. Meneja wa uzalishaji alichapa orodha, akaona kwamba matukio yote thelathini na moja yametokea alasiri, na zamu ya alasiri ni ya Kaimu. Zamu ya asubuhi hakuna hata moja. Meneja alikuwa mtu wa haki kwa kadiri ya karatasi zilizo mbele yake. Akaandika barua.

"Leo saa kumi na moja ninamkabidhi," alimwambia Nusu asubuhi ya siku hiyo, ofisini kwake. "Nimekupa wiki sita, fundi. Umebadilisha kitufe mara mbili. Umepima kila kitu."

"Kila kitu," Nusu alijibu.

"Na umeona nini?"

"Kizima."

"Basi kilichobaki ni kidole cha mtu."

Nusu alitazama bahasha mezani. Kaimu alikuwa rafiki wa mumewe, ndiye aliyembeba mgongoni Jumapili ile mpaka kwenye gari, na kila Jumapili alikuja kukaa naye kitandani na kumsimulia habari za kiwanda, kama anazungumza na mtu atakayejibu. Nusu alijua kwamba hapo alitakiwa kuona uchungu. Alichosema ni hiki: "Nipe mpaka hiyo saa kumi na moja."

Kuna kitu alikuwa amekiona jana yake, jikoni. Wifi alifunua sufuria iliyokuwa inatokota, na povu likashuka palepale. Nusu alisimama akiitazama ile sufuria mpaka wifi akamuuliza kama anataka kuioa. Paneli ilikuwa imeegemea ukuta wa magharibi. Tangu msimu wa joto uanze, alasiri jua lilipiga bati upande wa pili, na ndani ya lile kabati, mlango ukiwa umefungwa, kukawa tanuri. Fundi akija, anafanya nini cha kwanza? Anafungua mlango. Joto linatoka, ugonjwa unakimbia. Wiki sita alikuwa akimtibu mgonjwa kwa kumfukuza nje ya chumba.

Kwa hiyo siku hiyo hakuufungua mlango alasiri. Aliufungua asubuhi, kukiwa bado na ubaridi. Alichukua taa ndogo tatu. Ya kwanza akaiunga pale umeme mdogo unapoanzia, umeme wa volti ishirini na nne unaokwenda kwenye kitufe chekundu na kurudi kuuambia ubongo wa mashine kwamba mambo ni shwari. Ya pili akaiunga kwenye waya unaorudi kutoka kwenye kitufe. Ya tatu akaiunga mbele zaidi, ng'ambo ya kiungio cha kumi na saba, ambapo waya huo unakabidhi umeme kwa ubongo. Akazitoa taa nje kwa tundu la chini, akazibandika kwa utepe wa gundi juu ya mlango, zikiwa zimepangwa moja, mbili, tatu. Akafunga. Ikawa kama mlango una macho matatu.

Hapo ni lazima msomaji aambiwe habari za alama.

Robo alikuwa na mtindo wake. Skrubu ikishakazwa ilipakwa mstari mwembamba wa rangi nyekundu, kutoka kichwani mwake mpaka kwenye kiungio. Skrubu ikijilegeza, mstari unakatika, na hata mtu asiye fundi anaona. Rangi yenyewe ilikuwa rangi ya kucha. Mwanzoni aliiba chupa ya mkewe, na Nusu alinuna siku mbili, kisha akawa anamnunulia mwenyewe. Na kulikuwa na sheria: mkazaji hapaki alama yake. Robo alikaza, Nusu akafuata nyuma, akavuta kila waya kwa vidole kuhakikisha haung'oki, ndipo akapaka. Kila alama ilikuwa imepita kwa watu wawili. Kwa ajili hiyo Robo aliandika kwenye milango ya paneli zote, kwa mkono wake: PENYE ALAMA HAPAGUSWI. Fundi mgeni alifundishwa hilo kabla hajaonyeshwa choo. Maana skrubu nzima ukiikazakaza kila wiki, mwisho unaivunja.

Nusu alipopima paneli ile kwa wiki sita, alipima kila kitu kisicho na alama. Penye alama alitazama tu. Mistari yote ilikuwa mizima.

Saa nane Kaimu aliingia zamu. Alikuwa mtu mrefu mwenye shingo iliyoinama mbele kwa miaka ya kutazama mkanda. Alizitazama zile taa tatu.

"Leo umeivalisha hereni," alisema.

"Ikizimika, wewe tazama taa. Usitazame kitu kingine."

"Nami nitafanya hivi." Kaimu aliiwasha mashine, akarudi nyuma hatua mbili, akapandisha mikono yote miwili juu ya kichwa, vidole vimefumana, kama mtu aliyekamatwa. "Ili nisisingiziwe."

"Utachoka."

"Afadhali nichoke mikono. Nikikosa kazi nitachoka mwili mzima."

Msimamizi wa zamu aliitwa awe shahidi. Alikuja na kiti. Wakakaa. Saa tisa ikapita, na sabuni ilikuwa inatoka, vipande vya manjano, harufu ile ya ndimu ya uongo ambayo wote walirudi nayo majumbani. Jua lilihama, likaanza kupiga bati. Nusu aliweka kiganja juu ya mlango wa paneli, na mlango ulikuwa wa moto kama paji la mtoto mwenye homa. Msimamizi akaanza kusinzia. Kaimu alishusha mkono mmoja, akajikuna, akaurudisha haraka.

"Robo hajambo?" aliuliza.

"Yuko vilevile."

"Jumapili nilimweleza tetesi za barua. Alihangaika, wewe. Mkono huu wa kushoto ukawa haushikiki."

"Alitaka redio."

"Ilikuwa juu mpaka meno yananiuma," alisema Kaimu. "Tukaiongeza."

Saa kumi na dakika ishirini, mashine ikafa.

Haikufanya kishindo. Kisu kilibaki juu, mkanda ukasimama, na kioo kikaandika: kitufe chekundu kimebonyezwa. Mikono ya Kaimu ilikuwa juu ya kichwa. Taa ya kwanza iliwaka. Taa ya pili iliwaka. Ya tatu ilikuwa imezima, na kabla hawajavuta pumzi ikawaka tena.

"Umeona?" Kaimu alimpigia kelele msimamizi. "Umeona mikono yangu iko wapi? Sema!"

"Nimeona, nimeona. Shusha basi."

"Sishushi mpaka uandike!"

Nusu hakuwasikiliza. Alikuwa anahesabu. Umeme umefika mpaka kwenye ncha ya waya. Haukuvuka kiungio. Baina ya hapo na hapo hakuna kitu kingine chochote duniani isipokuwa skrubu moja. Ya kumi na saba. Yenye alama.

Alifungua mlango, na joto likampiga usoni. Mstari mwekundu ulikuwa mzima, haukukatika hata unywele. Alikaa kidogo akiutazama. Kwanza aliilaumu taa, akaibadilisha, kisha akajionea aibu kwa kujichelewesha. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walishasema, na hawakusema kwamba hata ukishajua, mkono unakuwa mzito kupapasa nguo yako mwenyewe. Akazima swichi kuu. Akachukua bisibisi ya Robo, ile yenye mpini uliozungushiwa utepe, akaiweka juu ya skrubu ambayo kwa sheria ya kiwanda kile haiguswi.

Iligeuka. Iligeuka kwa urahisi, nusu mzunguko mzima bila kukataa, ndipo ikaanza kushika. Rangi ilipasuka, ikadondoka kama ganda la kidonda. Waya ulikuwa umekaa tu mle ndani, umelazwa, hakuna aliyeubana. Kukiwa na baridi uligusa. Chuma kilipopata joto na kutanuka, uliachia.

Alama haikusema uongo. Alama ilisema skrubu haijasogea tangu siku ilipopakwa, na kweli haikusogea. Haikuwahi kukazwa.

Akajaribu ya kumi na nane: nzima. Kumi na tisa: legelege. Ishirini: legelege. Ishirini na moja ilikataa. Ishirini na mbili iligeuka. Mbili za mwisho zilikuwa zimeshika kidogo. Kuanzia ya kwanza mpaka ya kumi na sita hazikutikisika.

Na hapo ikamjia ile siku, yote, kama ilivyokuwa. Ilikuwa Ijumaa. Kiwanda kilikuwa kimefungwa kwa ukarabati wa mwaka, na wao wawili walikuwa wanafunga upya paneli hii. Walianza asubuhi. Alasiri, zikiwa zimebaki skrubu nane, Robo alishusha bisibisi na kuukunja mkono wa kulia, akaukunjua.

"Mama," alimwambia, kama alivyomwita tangu wapate mtoto wa kwanza, "huu mkono umekufa ganzi. Nimalizie hizi."

Nusu alikuwa amesimama tangu saa mbili. Miguu ilikuwa imevimba. Akajibu, "Uvivu una majina mengi."

Robo akacheka. Alikuwa mwepesi wa kucheka. Akaokota bisibisi, akazimaliza mwenyewe, polepole, akitumia mikono miwili. Nusu akafuata nyuma na chupa ya rangi. Zile kumi na sita za kwanza alikuwa amevuta kila waya. Hizi nane hakuvuta. Alizipaka tu, mstari, mstari, mstari, kwa sababu alitaka kwenda nyumbani, na kwa sababu miaka ishirini na tatu waya wa Robo haukuwahi kung'oka. Jumapili, Robo hakuweza kuingiza mkono kwenye shati.

Nusu alizikaza skrubu nane, kila moja mpaka ikatae, na robo. Alivuta kila waya. Alifanya hivyo bila mikono kutetemeka, na hilo alilishangaa kwa mbali, kama linamhusu jirani.

Saa kumi na moja kasoro dakika tano meneja alishuka na bahasha mkononi. Msimamizi alimweleza, Kaimu alimweleza kwa sauti zaidi, na Nusu akamwonyesha. Meneja aliinama akaitazama rangi iliyopasuka. Alikuwa amemfahamu Robo tangu yeye mwenyewe akiwa karani.

"Kazi ya Robo hii," alisema taratibu.

Aliigusa ile rangi kwa ncha ya kidole.

"Maskini. Alikuwa ameshaanza kuumwa, bila shaka." Alinyooka. "Basi tuandike hivyo, yaishe. Mgonjwa halaumiwi. Hakuna mtu atakayemsema."

Ilikuwa njia nyepesi, na meneja aliitoa kwa wema. Kaimu angebaki kazini. Robo hangejitetea, maana hana maneno. Kiwanda kizima kingesikitika na kusahau. Nusu alifungua daftari la matengenezo juu ya goti lake, akaandika kwa herufi za kusomeka: Skrubu 17, 19, 20 na 22 hazikukazwa. Mkazaji alisema mkono wake hauna nguvu. Alama niliweka mimi bila kuvuta waya. Akatia sahihi, akampa.

Meneja alisoma mara mbili. "Fundi, unajichongea mwenyewe. Hili ni onyo la maandishi."

"Sawa."

"Sikuomba uandike hivi."

"Ndivyo ilivyokuwa."

Meneja alikunja bahasha ya Kaimu mara mbili akaitia mfukoni mwa shati. Kaimu, ambaye sasa tu alikuwa ameshusha mikono na kuinyoosha kwa maumivu, akasema, "Bosi, kwa kuwa umeshuka mpaka huku, si unithibitishe kabisa?"

"Tutaliangalia."

"Mnaliangalia mwaka wa saba. Macho hayawaumi?"

Hata meneja alicheka. Kisha akapanda ngazi. Kaimu alimfuata Nusu mpaka kwenye bomba alikokuwa ananawa mikono, akasimama pale, mtu mrefu asiyejua aweke wapi shukrani zake.

"Nusu. Unajua siku niliyomweleza Robo kwa mara ya kwanza? Wiki sita zilizopita, Jumapili ile ya wageni, mashine ndiyo imeanza. Nilimwambia, mzee, ile ya kukata inazimika, inasema kitufe, na mimi sijagusa. Ananisikia kweli, au nazungumza na ukuta?"

"Sijui," Nusu alisema. Akafunga bomba.

Mkono wake ulibaki juu ya kichwa cha bomba. Alikuwa amekifunga kwa vidole vitatu, kuelekea kulia, kikakataa, na kwa mazoea ya ndoa nzima akaongeza kidogo tena.

Alisimama pale mpaka Kaimu akamuuliza kama ana kizunguzungu.

Redio aliisikia kabla hajafika kwenye kona ya nyumba. Mtangazaji alikuwa anasoma hali ya hewa kwa mtaa mzima. Wifi alimfungulia mlango akiwa na kitambaa begani na uso wa mtu aliyeshindwa.

"Wifi, mumeo leo amezidi. Tangu Jumapili hajatulia, lakini leo hata chakula amekataa. Ni kuzungusha, kuzungusha, kuzungusha. Nimeongeza mpaka sauti imefika mwisho. Niongeze nini tena, paa?"

Nusu hakuvua viatu. Aliingia chumbani. Robo alikuwa amelalia ubavu, uso ukimwelekea mlangoni, na mkono wa kushoto ulikuwa hewani. Vidole vitatu vimeungana. Vilizunguka polepole kuelekea kulia. Vikasimama. Vikaongeza kidogo. Macho yake yalikuwa juu ya mkewe, na yalikuwa yamechoka kama ya mtu aliyeita nje ya mlango usiku kucha huku waliomo ndani wakimwimbia.

Mtu yeyote aliyewahi kushika bisibisi angejua. Mtu yeyote. Na yeye alikuwa fundi, na alikuwa mkewe, na wiki sita alikuwa amepita mbele ya mkono huo asubuhi na jioni na beseni la maji.

Alipiga magoti. Aliushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili, ilhali ulitaka kuendelea.

"Ya kumi na saba," alimwambia. "Na ya kumi na tisa. Na ishirini, na ishirini na mbili. Nimezikaza, Baba. Nimevuta waya, moja moja. Kaimu yuko kazini."

Mkono ulisimama.

"Mpaka zikakataa," Nusu alisema. "Na robo."

Vidole vya Robo viliachana. Mkono mzima ukawa mzito ndani ya mikono yake, ukashuka, ukalala juu ya shuka, ukatulia. Akafumba macho. Alitoa pumzi moja ndefu, ya mtu aliyetua mzigo ambao kila aliyemwona nao alimpongeza kwa mazoezi.

"Uliniambia mkono umekufa ganzi," Nusu alisema. "Nikakuita mvivu." Alitaka kuongeza neno, na badala ya neno kikaja kitu kingine, kutoka chini kabisa, kibaya, chenye sauti, na kilimuuma kila kilipopita. Aliinamisha uso juu ya ule mkono wa kulia, ule usiohisi, akalia kwa kelele kama mtoto, miezi minne yote kwa mpigo.

Wifi alikuja mbio akasimama mlangoni. Alimwona kaka yake amelala kwa amani na mkono wake umetulia, akamwona wifi yake sakafuni, asijue amkimbilie nani. Redio ilikuwa bado inanguruma.

"Wifi! Kuna nini? Nipunguze redio?"

"Zima," Nusu alisema, bila kuinua uso. "Zima kabisa. Hakuwahi kuitaka."